Usinunue Stika: Namna ya Kupima na Kulinganisha Prosesa za Laptopu za Mtumba

Alikuja kijana wa chuo Jumamosi asubuhi na laptopu mbili ndani ya mkoba mmoja. Alikuwa ameziazima kwa muuzaji wa hapa Kisumu, akaacha kitambulisho chake dukani, na alitakiwa kurudisha moja pamoja na pesa ya nyingine kabla ya saa kumi jioni.

“Fundi, hii ni i7, hii ni i5. Lakini ya i7 ndiyo ya bei ya chini, kwa elfu tatu. Shida iko wapi?”

Shida haikuwepo. Ya kwanza ilikuwa na i7-6600U, prosesa yenye viini (cores) viwili, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi sambamba. Ya pili ilikuwa na i5-8350U, yenye viini vinne. Muuzaji alijua anachouza. Kijana alikuwa anasoma stika.

Tulizipima zote mbili palepale mezani, na hatua tulizofuata ndizo ninazoziandika hapa. Hazihitaji maabara. Zinahitaji saa moja na nusu hivi, flashi yenye programu mbili za bure, karatasi, na subira wakati feni inapiga kelele. Programu ya kwanza ni 7-Zip, ile ya kubana mafaili, ambayo ndani yake kuna kipimo cha prosesa ambacho watu wengi hawajawahi kukifungua. Ya pili ni HWiNFO, inayoonyesha joto na kasi ya kila kiini. Naipenda 7-Zip kwa sababu ni ndogo sana na haitamaliza bando lako. Cinebench ni nzuri pia, ila ni ya mamia ya megabaiti.

Hatua ya kwanza: soma jina lote

Washa laptopu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, nenda penye Performance kisha CPU. Juu kulia utaona jina kamili la prosesa. Chini utaona kasi ya msingi, idadi ya viini (Cores) na idadi ya nyuzi (Logical processors), yaani kazi ambazo prosesa inaweza kuzishika kwa wakati mmoja. Kwenye Linux, andika lscpu kwenye terminali. Nakili yote kwenye karatasi.

Kwa prosesa za kampuni ya Intel, hizo i5 na i7 za miaka hiyo, tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazotaja kizazi: 6600U ni kizazi cha 6, 8350U ni cha 8, 10210U ni cha 10. Herufi ya mwisho inasema prosesa imekusudiwa kula umeme kiasi gani. U ni ya laptopu nyembamba, nyingi zikiwa za wati 15. H au HQ ni ya laptopu nene, mara nyingi wati 45, na hapo i5 inaweza kuiacha mbali i7 ya U.

Kizazi cha 8 ni mpaka muhimu kwa sababu mbili. Kwanza, ndipo Intel ilipopandisha i5 na i7 za U kutoka viini viwili hadi vinne. Pili, Windows 11 rasmi inaanzia hapo kwa Intel, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025. Hilo la pili si suala la kasi, lakini utakutana nalo.

AMD, washindani wa Intel, nao wana mitego yao. Ryzen 5 5500U na Ryzen 5 5600U zote zina viini sita na majina yanakaribiana kama ya ndugu wa tumbo moja, kumbe ya kwanza imejengwa kwa muundo wa Zen 2 na ya pili kwa Zen 3, ulio mpya zaidi.

Sasa gigahetzi. Nenda ufuo wa Dunga utazame wavuvi. Anayepiga kasia mara nyingi si lazima ndiye atakayefika kwanza, kwa sababu inategemea kila pigo linasukuma maji kiasi gani. Gigahetzi ni idadi ya mapigo tu. Pentium 4 ilifika gigahetzi 3.8, na bado mwaka 2006 Core 2 Duo ya 2.4 ikaiacha nyuma. Unaweza kulinganisha gigahetzi za prosesa mbili za familia moja na kizazi kimoja. Ukivuka hapo, namba hiyo haikuambii nani mwepesi.

Hatua ya pili: sawazisha uwanja

Vipimo vingi ninavyoletewa vimeharibikia hapa. Mtu anapima laptopu moja ikiwa kwenye chaja na nyingine ikiwa kwenye betri, halafu anakuja kubishana.

Chomeka chaja zote mbili. Kisha hakikisha chaja zenyewe zinatambuliwa. Kuna laptopu ambazo zikichomekwa chaja zisiyoijua, au yenye wati pungufu, zinabana prosesa makusudi, na kasi inaganda chini ya gigahetzi moja hata ukizindua kazi nzito. Nimeshawahi kuhukumu laptopu kuwa mbovu asubuhi nzima, kumbe kosa lilikuwa la chaja ya kuokoteza niliyoipata chini ya meza yangu mwenyewe. Ukiona Speed imekwama kwenye 0.7 au 0.8 na haipandi, badilisha chaja kabla ya kusema lolote.

Halafu weka modi ya umeme kwenye utendaji wa juu kabisa kwa zote mbili. Zima intaneti ili Windows isianze kupakua masasisho katikati ya kipimo. Funga kila kitu. Ngoja dakika kumi baada ya kuwasha, kwa sababu laptopu iliyokaa dukani wiki tatu ikiamka ina mengi ya kufanya kimyakimya. Rudi Task Manager: prosesa ikiwa imetulia chini ya asilimia 5, endelea. Ikiwa inacheza kwenye 30, ngoja.

Angalia RAM pia. Laptopu yenye kijiti kimoja cha RAM na yenye vijiti viwili hazishindani sawasawa, maana data inapita mlango mmoja badala ya miwili. Ukiweza, fanya ziwe sawa. Usipoweza, iandike kwenye karatasi.

Na ziweke juu ya meza ngumu. Si kitandani, si juu ya mapaja.

Hatua ya tatu: uzi mmoja

Fungua 7-Zip, nenda Tools, kisha Benchmark. Utaona sehemu ya kuchagua idadi ya nyuzi. Weka 1. Acha ukubwa wa kamusi (Dictionary size) kwenye megabaiti 32 kwa laptopu zote mbili. Iache izunguke mara kadhaa, kisha andika alama ya jumla. Matoleo ya zamani yanaitoa kwa MIPS, yaani mamilioni ya maagizo kwa sekunde, na mapya kwa GIPS, ambayo ni mabilioni. Kwa hiyo tumia toleo moja kwa zote, kutoka flashi ileile.

Kipimo hiki kina pande mbili. Upande wa kubana unategemea sana kasi ya RAM na ukubwa wa kache, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa. Upande wa kufumua unategemea zaidi prosesa yenyewe na ustadi wake wa kubahatisha njia itakayofuata kwenye programu. Laptopu ikishinda upande mmoja na kushindwa mwingine, hujakosea. Umejifunza kitu kuhusu RAM yake.

Kwa nini uzi mmoja? Kwa sababu kazi nyingi za kila siku, kufungua programu, kubofya menyu, kupakia ukurasa mzito, zinasubiri kiini kimoja kimalize. Hapa ndipo laptopu inapoonekana nyepesi au nzito mkononi.

Hatua ya nne: nyuzi zote, na joto

Sasa weka idadi ya nyuzi kwenye kiwango cha juu kabisa inachokuruhusu, na kando fungua HWiNFO kwenye sehemu ya vihisi. Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mrefu kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka.

Prosesa ya laptopu inaruhusiwa kula umeme mwingi kwa muda mfupi, mara nyingi kama nusu dakika, kisha inashushwa hadi kiwango chake cha kudumu. Ikipata moto kupita kiasi inashuka zaidi. Kwa Intel nyingi mpaka ni nyuzijoto 100. Kwa hiyo kipimo cha sekunde 20 kinapima mbio za mita mia, na wewe unataka kujua nani atafika Maseno kwa miguu.

Iache ikimbie dakika 15. Andika namba nne: alama ya mzunguko wa kwanza, alama ya dakika ya 15, joto la juu kabisa, na kasi ya viini kule mwishoni. Laptopu nzima itashuka kidogo kisha itulie. Inayoshuka na kuendelea kushuka, huku joto limeganda kwenye 97 au 98, ina tatizo la kupoza. Mshtakiwa hapo ni feni, vumbi, au ile dawa nyeupe ya kupitisha joto juu ya prosesa ambayo imekauka.

Shemeji yangu anauza laptopu Nakuru. Mwaka jana alinitumia moja kwa matatu, tukagombana kwenye simu karibu juma zima kwa sababu alama zake na zangu hazikukutana. Yeye alisema namhujumu mzigo wake. Tulipokaa tukahesabu, sababu ya kwanza ilikuwa hewa. Yeye alipima saa moja asubuhi, Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, baridi ya kuvalia sweta. Mimi nilipima saa tisa alasiri Kisumu, mita 1,130 hivi, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi la barabara. Joto la chumba likipanda kwa nyuzijoto kumi, joto la prosesa linapanda karibu kiasi hichohicho. Hewa ya Nakuru ni nyepesi zaidi, kwa hiyo feni inasukuma hewa pungufu kidogo, lakini ule ubaridi unafidia na kuzidi.

Sababu ya pili niliiona baada ya kufungua skrubu. Kati ya feni na mapezi ya shaba kulikuwa na vumbi lililojisuka kama kipande cha blanketi, kijivu, unaweza kulibandua kwa kucha likatoka zima. Kule Nakuru asubuhi laptopu ilikuwa inavumilia. Huku ikashindwa. Nililitoa, nikafuta dawa ya zamani kwa spiriti, nikapaka mpya ukubwa wa punje ya ndengu, nikarudia kipimo. Kasi ya dakika ya 15 ikakaribiana na ya dakika ya kwanza. Prosesa haikubadilika hata kidogo.

Kwa hiyo zipime chumba kimoja, siku moja, saa zinazokaribiana. Na ukipima moja ikapata moto, usiipakate mara moja na kuanza tena. Ipe dakika kumi ipoe.

Hatua ya tano: kazi yako mwenyewe

7-Zip haijui wewe unafanya nini. Mwenye saiba anayefungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kuchapisha fomu, mpiga picha za harusi, na mwanafunzi anayeandika programu wana mahitaji tofauti kabisa. Chagua kazi moja au mbili unazofanya kweli na uzipime kwa saa.

Mpiga picha achukue picha zilezile hamsini na azitoe kwa mipangilio ileile. Anayehariri video achukue klipu moja ya dakika mbili. Anayefanya hesabu afungue lile faili lake la Excel linalomtesa, abonyeze F9, na ahesabu sekunde. Kijana wangu wa Jumamosi alikuwa anasoma takwimu, akanionyesha programu aliyoiandika inayochukua muda, nikamwambia hicho ndicho kipimo chako, haya mengine ni ya kwangu.

Kama huna kazi maalumu, weka folda iitwayo kazi, yenye nyaraka na picha za gigabaiti moja au mbili, kwenye diski ya D, fungua PowerShell, na andika:

Measure-Command { & "C:\Program Files\7-Zip\7z.exe" a D:\jaribio.7z D:\kazi }

Mwishoni soma mstari wa TotalSeconds. Kama laptopu haina D, badilisha anwani iendane na folda yako. Futa faili la jaribio.7z kila mara kabla ya kurudia. Fanya mara tano. Mara ya kwanza itupe, kwa sababu hapo mafaili yanasomwa kutoka diski, na unapima diski kuliko prosesa. Laptopu yenye diski ya kuzunguka na yenye SSD zitaonekana mbingu na ardhi hapo, na prosesa haihusiki. Kati ya nne zilizobaki, zipange kuanzia ndogo hadi kubwa na uchukue wastani wa mbili zilizo katikati. Wastani wa kawaida unaharibiwa na mara moja tu ambapo Windows iliamua kukagua virusi.

Angalia pia tofauti kati ya ndogo na kubwa. Laptopu moja ikikupa sekunde 58 hadi 63 kwa kazi ileile, na nyingine 57 hadi 62, hizo ziko sawa. Usimlipe mtu elfu mbili kwa sekunde moja hiyo.

Hatua ya sita: hesabu

Gawanya muda wa laptopu ya taratibu kwa muda wa ile ya haraka. Sekunde 60 kwa 40 ni 1.5. Unaweza kusema ya pili ina kasi zaidi kwa asilimia 50, au kwamba imepunguza muda kwa asilimia 33. Zote mbili ni kweli, na wauzaji wanachagua ile inayovutia. Mimi nabaki na 1.5.

Ukiwa na kazi kadhaa, usizijumlishe ukagawanya. Tuseme laptopu A ni haraka mara mbili ya B kwenye kazi ya kwanza, na kwenye kazi ya pili ni nusu ya B. Uwiano ni 2 na 0.5, wastani wake ni 1.25, kwa hiyo A ameshinda kwa asilimia 25. Geuza hesabu uanzie upande wa B: 0.5 na 2, wastani 1.25, B naye ameshinda kwa asilimia 25. Haiwezekani. Badala yake zidisha namba zote, kisha tafuta kipeuo: cha pili kama kazi ni mbili, cha tatu kama ni tatu. Hapa 2 mara 0.5 ni 1, kipeuo chake ni 1, wametoka sare, na ndio ukweli. Excel ina fomula yake, GEOMEAN. SPEC, shirika lililoanzishwa mwaka 1988 kusawazisha vipimo vya kompyuta, linatumia njia hiyohiyo.

Kuhusu viini vingi, ugali mmoja hausongwi na watu wanne kwenye sufuria moja. Chukua kazi ya dakika 10 ambayo dakika 4 haziwezi kugawanywa na 6 zinagawanyika. Ukiwa na viini viwili inakuwa 4 na 3, jumla 7. Vinne, 4 na 1.5, jumla 5.5. Hata ukileta viini elfu hutashuka chini ya dakika 4. Gene Amdahl aliitoa hoja hii mwaka 1967 na bado inauma. Ndiyo maana kuongeza viini mara mbili hakukupi kasi mara mbili, na ndiyo maana niliandika alama za uzi mmoja na za nyuzi zote kwenye safu mbili tofauti bila kuzichanganya.

Namba za mtandaoni

Zisome, lakini hakikisha ni za toleo moja. Geekbench ni programu nyingine ya kupima prosesa, na Geekbench 5 ilipangwa ili Core i3-8100 ipate 1,000. Geekbench 6 ikapangwa upya ili Core i7-12700 ipate 2,500. Kulinganisha alama ya 5 na ya 6 ni kama kupima shamba moja kwa ekari na lingine kwa hekta halafu kusema la pili ni dogo. Cinebench R23 na Cinebench 2024 nazo hazisomani.

Kumbuka pia kwamba alama ya mtandaoni ni ya jina la prosesa, imetoka kwa laptopu za watu wengine, nyingi mpya na safi. Itakuambia prosesa hiyo inaweza kufika wapi. Iliyo mkononi mwako imefika wapi, hiyo unaijua baada ya hatua ya nne. Mimi natumia namba za mtandaoni kama kipimo cha afya: laptopu ikipata chini sana ya wenzake wenye prosesa hiyohiyo, naitafuta sababu, na mara nyingi ni joto, chaja au RAM ya kijiti kimoja.

Ukishapata uwiano wako, uweke kando ya bei. Tuseme ya kwanza ni shilingi 22,000 na ya pili 25,000, na uwiano wa kazi zako ni 1.4 kwa faida ya pili. Bei imepanda chini ya asilimia 14, kasi asilimia 40. Uwiano ukiwa 1.05, pesa hiyo inunue RAM.

Kijana wangu alikuta kwenye uzi mmoja i5 inaongoza kidogo tu, na kwenye nyuzi zote inaongoza kwa mbali. Programu yake ya takwimu ilikuwa inatumia uzi mmoja. Aliduwaa kidogo, akaniuliza kama inaweza kuandikwa upya itumie vyote vinne. Nikamwambia hilo amuulize mwalimu wake. Saa tisa na nusu alipanda boda kurudisha ile ya i7.